Sangara wa Watu Wawili

Mimi ni fundi cherehani wa Mabatini. Nashona sare za shule, nashona magauni ya wasimamizi wa harusi, napunguza suruali za wanaume waliokonda na kupanua za walionenepa. Katika miaka yote ya kazi hii hakuna mteja aliyewahi kuniletea vipimo vya samaki, mpaka alipokuja wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Anauza dagaa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, na sauti yake ameipata hukohuko, kwa kushindana na injini za mitumbwi. Wakati ule akina mama wa mwaloni walikuwa wamemchagua awe mwenyekiti wa kikundi chao cha kulinda mafunjo. Kipande chenyewe kilikuwa kimebaki kidogo tu, pembeni ya mwalo, kati ya mawe makubwa na bustani za mchicha. Watu waliyakata mafunjo kwa ajili ya mikeka, wengine waliyakata ili bustani zao zisogee mbele, wengine nadhani waliyakata kwa sababu tu walikuwa na panga mkononi. Akina mama walieleza mpaka wakachoka kwamba humo ndimo samaki wanamozalia, na ndimo vifaranga vyao vinamojificha visiliwe. Watu waliwasikiliza kwa adabu, wakasema "ni kweli kabisa mama," kisha wakaendelea kukata.

"Maneno yamekwisha," wifi akaniambia, akiwa ameshakalia gauni la mteja. "Sasa tunafanya igizo. Siku ya usafi wa mwalo kuna mgeni rasmi. Nataka sangara."

"Wa kumpikia mgeni?"

"Wa kuvaa."

Niliweka mkasi chini. Nikamuuliza ni mkubwa kiasi gani.

"Wa watu wawili," akasema, kama mtu anayeagiza kitanda.

Igizo alikuwa amelitunga mwenyewe. Furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, wanaishi kwa raha ndani ya mafunjo. Anakuja sangara, anawafukuza, wao wanajificha, yeye anaambulia patupu na kwenda zake. Halafu anakuja mtu na panga, anakata mafunjo yote. Sangara anarudi, anawala furu wote mpaka wa mwisho, anafurahi, analala. Akiamka ana njaa, na ziwani hamna kitu. Hapo ndipo sangara analia na kuwasihi binadamu waache mafunjo yaote.

Kwenye kikao cha kikundi, kilichofanyika uani kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye viti, igizo hili lilizua ubishi mkali. Mama mmoja alisema si haki kumfanya sangara kuwa mbaya, maana sangara ndiye aliyemsomeshea watoto wake wote. Mwingine akasema hata kama amewasomesha, aliletwa tu ziwani, hakuzaliwa humu, na alipofika aliwala wenyeji. Mama wa tatu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya, akataka sangara aokoke kabisa mbele ya watu na kutoa ushuhuda. Wifi alikataa wokovu, lakini ushuhuda akaukubali.

Mume wangu alikuwa kwenye kona ya ua akichomelea geti la mtu. Yeye ni mtu wa maneno machache, na kwa dada yake yalikuwa machache zaidi, kwa sababu ya baiskeli. Baba yao alipofariki aliacha baiskeli moja nzuri nyeusi. Wifi aliichukua ya kubebea dagaa, jambo ambalo halikuwa na ubaya, lakini akaipaka rangi ya waridi. Mume wangu alipoiona iko hivyo aliingia ndani, akalala mchana. Tangu siku hiyo kila walipokutana alisema "Shikamoo dada," kwa kuwa shikamoo ya dada mkubwa huwezi kumnyima, akisubiri "marahaba" yake, na baada ya hapo kimya. Wangeweza kukaa msiba mzima namna hiyo.

Lakini sangara wa watu wawili anahitaji mifupa, na fundi wa chuma tuliyekuwa naye ni huyo mmoja. Nilimwomba mimi. Aliniangalia, akaangalia mchoro wa wifi, ambao ulifanana na kiatu, akasema, "Huyu hana mbavu." Kesho yake akaanza kukunja nondo nyembamba.

Ngozi nilihangaika nayo mwenyewe. Katikati ya mji kuna mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa ambalo babu yake alilifungua, na mimi ni mteja wake tangu nilipokuwa najifunza kazi. Nilimwambia nataka mabaki ya satini ya rangi ya fedha.

"Harusi?" akauliza.

"Sangara."

Hakushangaa hata kidogo. Alipanda ngazi, akashuka na robota lililobaki kutoka kwenye mapambo ya ukumbi fulani, akaniambia tumbo lisiwe jeupe sana, liwe la manjano kidogo, na macho lazima yang'ae. Alipokuwa kijana, akasema, alikuwa akienda kuvua kwenye mawe siku za Jumapili na kurudi na nguo zinanuka kiasi kwamba mama yake alimvua nguo hizo mlangoni. "Macho usifanye ya kifungo," akanisisitiza. "Kifungo kitamfanya aonekane mjinga." Basi mume wangu akaweka viakisi vya baiskeli, vile vya rangi ya machungwa, na kweli, ukiwasha tochi ua mzima ulikuwa unakuangalia.

Wifi aliamuru tumbo lijazwe chupa tupu za maji zilizookotwa ufukweni. Alisema samaki wa kutunza mazingira lazima atokane na takataka. Nilizishona ndani ya mifuko mirefu pande zote mbili za mbavu, na sangara akawa anatoa sauti ya kuchakacha kila anapotikiswa.

Kilichobaki ni magamba. Satini tupu iliteleza kwenye mifupa kama shuka kitandani, ikahitaji kitu cha kuibana. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Buhongwa kutuletea mayai, alimzunguka yule samaki mara mbili, kisha akasema, "Huyu sangala anataka wavu." Safari yake iliyofuata alileta wavu mkubwa wa buluu wenye matundu madogo madogo, uliokuwa umefunika banda lake la kuku. Ulikuwa na manyoya kadhaa. Nilipouvutisha juu ya satini, kila tundu likawa gamba. Nilikaa chini nikamwangalia kwa muda. Nimeshona magauni ya bibi harusi ambayo hayakunifurahisha hivyo.

Tatizo la mwisho lilikuwa watu. Kichwani angeingia wifi, hilo halikuwa na mjadala. Nyuma aliwekwa mama mmoja wa kwaya, lakini siku mbili kabla ya sherehe mgongo ukamkataa. Wengine walijaribu, wakashindwa, kwa sababu zile nondo zilikuwa na namna yake ya kubebwa. Aliyeijua ni aliyezikunja.

"Siingii," mume wangu akasema.

"Hata mimi simtaki," wifi akasema.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mmetoka tumbo moja," akasema, "mtaingia tumbo moja."

Yakaisha.

Siku yenyewe tulimpakia sangara kwenye mkokoteni, tukamfunika turubai kwa heshima, mkia ukabaki nje kwa kuwa turubai lilikuwa fupi. Mume wangu alivuta, mimi na mama mkwe tulisukuma. Kutoka Mabatini kwenda ziwani tulisimamishwa na watu wengi sana. Mama mmoja aliuliza tunauza mzima au vipande. Mwanaume mmoja aliyekaa kwenye kijiwe cha kahawa alisema kwa uhakika kabisa kwamba samaki wa ukubwa ule yeye aliwahi kumwona, na aliyemwona yeye alikuwa mkubwa zaidi. Wengine waliufinya mkia, wakanusa vidole, wakatikisa kichwa: "Huyu amekaa sana."

Karibu na lango la mwalo alisimama bwana samaki. Bwana samaki kwetu ni ofisa wa uvuvi, kama vile wa kilimo alivyo bwana shamba. Huyu alikuwa kijana, amehamishiwa kwetu hivi karibuni, ana mabuti mapya na uso wa mtu anayependa kazi yake. Alinyoosha mkono, mkokoteni ukasimama.

"Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe.

"Marahaba mwanangu."

"Mmebeba nini?"

"Sangala," mama mkwe akajibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwemo.

Kijana akainua turubai. Jua likapiga kwenye viakisi, macho yote mawili yakamwakia, akaruka nyuma hatua kadhaa na kukanyaga beseni la mtu. Alipojikusanya alirudi taratibu, akamgusa sangara shavuni kwa kidole kimoja. Nikaona uso wake unabadilika kutoka kwenye woga kwenda kwenye sheria.

"Mama, huu ni wavu wa kokoro."

Kokoro ni ule wavu unaoburutwa kutoka majini hadi ufukweni, unaokomba samaki mama na vifaranga vyake, na magugu, na kandambili iliyopotea, kila kitu. Umepigwa marufuku na kila mtu mwaloni anajua umepigwa marufuku. Mimi nilikuwa najua pia. Ila ulipokuja na manyoya ya kuku haukunijia akilini.

"Hiyo ni ngozi ya samaki," nikasema.

"Ni ngozi ya samaki iliyotengenezwa kwa kokoro."

"Ndiyo maana anatisha."

Mama mkwe alijiweka kati yetu. "Wavu huo ni wa kuku."

"Kuku wanavua, mama?"

"Unazuia mwewe. Wewe ukija kumzuia mwewe mwenyewe, chukua wavu wako."

Bwana samaki alivua kofia, akajifuta jasho. Alieleza kwa upole kwamba wavu haramu ukikamatwa unashikiliwa na baadaye unateketezwa, na yeye hana ruhusa ya kuuachia hata ukiwa umevaliwa. Akaongeza kwa huzuni kwamba hata yeye yumo kwenye ratiba ya siku hiyo: ana hotuba fupi kuhusu nyavu haramu.

Wakati huo wifi alikuwa ametusikia, akaja mbio kutoka kwenye maturubai ya sherehe, na nusu ya mwalo ikamfuata. Sitayarudia yote aliyosema. Aliuliza kama serikali inamkamata sangara kwa kosa la kuvuliwa. Aliuliza kama tumvue nguo mbele ya mgeni rasmi. Bwana samaki alimsubiri amalize, jambo ambalo wengi huwa hawaliwezi, kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiheshimu. Sangara atacheza. Baada ya igizo wavu utafumuliwa na kukabidhiwa hadharani, iwe mfano. Lakini mpaka saa hiyo samaki huyu yuko chini ya ulinzi, na yeye mwenyewe hatamwachia.

Na kweli hakumwachia. Sangara alipoingia uwanjani mbele ya watu wote, bwana samaki alikuwa nyuma yake na sare zake, amekamata mkia.

Watu walishangilia. Walidhani yumo kwenye igizo.

Furu walikuwa akina mama wa kwaya, wamejifunga vitenge vya rangi zote nilizoweza kupata, wakiimba na kujichezesha kati ya matete tuliyoyachomeka ardhini. Nyuma yao yalikuwa mafunjo yenyewe, ya kweli, na nyuma ya mafunjo ziwa. Sangara aliwajia kwa kishindo cha chupa tupu. Mwanzo ulikwenda vizuri. Wifi alifungua na kufunga mdomo kwa kamba niliyomwekea, na ndani ya mdomo alikuwa ameshikiza dagaa wabichi, nilikuja kujua baadaye, ili watu wa mbele waone damu.

Kilichotuharibia ni kona. Mbele iligeuka kushoto, nyuma ikaenda kulia, mbavu zikalia, sangara akajikunja katikati na kukaa chini.

Nilisahau kusema kwamba kipaza sauti kilikuwa ndani ya samaki. Wifi alikibandika kwa ajili ya ushuhuda. Kwa hiyo mwalo wote ukasikia, kwa spika mbili kubwa:

"Dada, nyoosha!"

"Nimenyoosha! Wewe ndiye umekaa!"

Mshereheshaji, mtu wa haraka, akasema, "Hapa tunaona sangara anapumzika."

"Unavuta kama unavuta mbuzi," nyuma ikasema.

"Na wewe unanikanyaga visigino tangu tumetoka! Una kisirani. Tangu utotoni una kisirani."

"Mimi nina kisirani? Nani aliipaka baiskeli ya baba rangi ya waridi?"

Hata furu waliacha kuimba.

"Ilikuwa na kutu," sangara akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa wifi.

"Ungeniambia ningeisugua!"

"Ningekwambiaje, ulikuwa huongei! Ulikaa msibani kwa baba kama jiwe. Rangi waliyokuwa nayo dukani ilikuwa hiyohiyo!"

Nilikuwa nimesimama karibu na meza kuu nikitamani ardhi ifunguke. Nikamwona mgeni rasmi anainama kwa aliyekaa pembeni yake na kunong'ona, "Hiyo baiskeli inawakilisha nini?"

"Mazingira, mheshimiwa," akajibiwa.

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Basi sangara akasimama, nadhani kwa hasira, na hapo ndipo korongo alipomwona. Makorongo wa mwaloni mnawajua, wale wazee wenye upara na mfuko shingoni, wanaotembea kati ya wauza samaki kama wakaguzi. Huyu alikuwa amesimama muda wote juu ya jiwe akinusa wale dagaa. Alishuka, akatembea bila haraka mpaka mbele ya sangara, akatumbukiza mdomo wake ndani ya mdomo wa samaki.

Ukelele uliotoka kwenye spika ulipeperusha ndege wengine wote.

Wifi alirudi nyuma. Mume wangu, ambaye kule nyuma alikuwa haoni chochote zaidi ya mgongo wa dada yake, alisukumwa naye, akarudi nyuma pia. Bwana samaki alirudi nyuma na mkia wake. Korongo aliendelea mbele. Wote wanne walipita katikati ya furu waliotawanyika, wakapita matete ya uongo, wakaingia kwenye mafunjo ya kweli, mabua yakafunguka na kufunga, na tukasikia mshindo wa maji.

Nilikimbia na viatu vyangu vya sherehe. Maji pale ni ya kiunoni tu, lakini moyo haupimi kina. Nilipotenganisha mabua niliona sangara anaelea. Anaelea vizuri kabisa, chali, chupa zimemshika kama boya, tumbo la manjano kidogo linang'aa juani. Bwana samaki alikuwa amesimama majini, kofia imekwenda zake, mkia bado uko mkononi. Korongo alikuwa amepata alichotaka na kuondoka.

Kutoka ndani ya samaki hapakuwa na sauti yoyote. Nikaita jina la mume wangu. Nikaita tena, na sasa nikasikia kitu kama kikohozi, kisha kama mtu anayesaga mahindi, nikatambua kwamba mume wangu anacheka. Tumeoana muda mrefu, kucheka kwake ni kupumua puani. Lakini humo ndani alikuwa anacheka mpaka mbavu zote, za kwake na za nondo, zinatikisika, na wifi alikuwa anacheka juu yake, wamelaliana kama walivyolala utotoni, wameshindwa kutoka kwa kucheka. Kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Kicheko hicho tulikisikia sisi tuliokuwa majini tu.

Furu wakaingia majini na vitenge vyao, wakamvuta sangara nchi kavu wakiimba. Ndiyo, furu walimwokoa sangara. Haikuwa kwenye igizo.

Mume wangu alipotoka alisimama anadondosha maji, akaanza kujipapasa kifuani. "Kuna kitu kinatembea," akasema. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kiganja kimejaa maji, na ndani ya maji samaki mdogo, mrefu kama kidole cha mwisho, mwekundu mgongoni na buluu kichwani, anapapatika.

Bwana samaki aliruka pale alipokuwa kama aliyechomwa sindano. "Furu!" akapiga kelele. "Furu, jamani! Msimdondoshe!" Alisema chuoni walikuwa wanaonyeshwa waliowekwa kwenye chupa, wamepauka, wote rangi moja ya chai. Alisema wengine wa aina hii watu walidhani wamekwisha, ingawa huyu hajui ni wa aina gani, na alimwangalia kwa macho ya mtu aliyeletewa mtoto wake wa kwanza.

Watu walisukumana kuona. Mgeni rasmi alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia matopeni na kuinama juu ya kiganja cha mume wangu. Mama mkwe naye akapenya mpaka mbele.

"Hao?" akasema. "Hao tulikuwa tunawakaanga." Kisha akafinya macho, akasogea zaidi. "Lakini sijamwona siku nyingi huyu."

Mume wangu akachuchumaa kwenye mafunjo na kumrudisha. Tukainama wote kumtazama. Kwa kuwa maji yalikuwa yametulia, tukaona kwamba hakuwa peke yake: kwenye mizizi, katikati ya mabua, walikuwepo wengi, wadogo kuliko yeye, wengine kama uzi wa kushonea. Watu wa mwalo ule wameishi hatua chache kutoka pale miaka na miaka, na nadhani kwa wengi wao hiyo ndiyo siku ya kwanza waliyotazama. Wifi, aliyekuwa ameandaa ushuhuda mrefu wenye machozi, alitaka kuutoa, akafungua mdomo, akaona hauna kazi. "Basi ndio hao," akasema tu, akaenda kutafuta khanga kavu.

Hotuba ya nyavu haramu haikutolewa kwa sababu bwana samaki alikuwa hana sauti tena kwa zile kelele. Badala yake tulikaa mimi na yeye chini ya turubai alasiri yote, tukimfumua sangara kwa viwembe. Yeye alikuwa akifumua uzi mmoja, mimi kumi. Alijichoma na sindano moja niliyoisahau kwenye pezi, akasema ni haki yake. Wavu ulipotoka wote aliukunja na kuuweka kwapani, na mama mkwe akasimama mbele yake.

"Na mwewe?"

Wiki iliyofuata, siku yake ya mapumziko, yule kijana alionekana Buhongwa na bunda la waya wa kuku begani na nyundo. Alizungushia banda lote. Mama mkwe anasema hajui kupigilia misumari lakini ana malezi. Amekula mayai mengi pale tangu siku hiyo.

Kuhusu mafunjo, nisidanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Wakati wa kiangazi mtu alikata upande wa mbali, na wifi alikwenda akasimama pale kutwa nzima, akiuza dagaa palepale, mpaka mkataji akahama kwa kuchoshwa na sauti yake. Lakini yule mwenye bustani ya mchicha alirudisha matuta yake nyuma mwenyewe. Na mgeni akija mwaloni, kabla hajaonyeshwa kitu kingine anapelekwa kuonyeshwa sehemu ambayo sangara aligombana na mkia wake. Ukishacheka mahali mbele ya watu ni vigumu kurudi hapohapo na panga. Mimi naliamini hilo kuliko hotuba.

Wifi sasa huja kwetu Jumapili baada ya ibada, na mume wangu akishatoa shikamoo anaongeza maneno. Siyo mengi. Juzi alimwuliza dagaa wanaendaje, wakazungumza mpaka chai ikapoa.

Satini niliirudisha kwenye kazi. Kuna wasimamizi wa harusi huko Buswelu waliovaa tumbo la sangara bila kujua, na walipendeza. Mifupa ilibaki uani kwa kuwa hakuna mlango wa nyumba inaopita. Iliniudhi muda mrefu, nilijikwaa kila nilipoanika nguo, mwishowe nikapanda mpesheni chini yake. Umetambaa kuanzia mkiani, ukafunika mbavu zote, na msimu huu umezaa. Juisi tumeshakunywa. Mama mkwe anasema ina harufu ya dagaa, na huwa anamaliza glasi yake ndipo aseme.